Dawa ya Sonona na Pombe

Sonona ni ugonjwa. Mgonjwa huwa na huzuni isiyokwisha. Hapati usingizi vizuri, hataki kula, na kazi humshinda. Huu si uvivu, wala si kurogwa. Una tiba. Katika wilaya yetu ya Korogwe, Hospitali ya Lutindi imetibu wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100.

Dawa moja ya sonona ni amitriptilini. Humezwa kila siku, mara nyingi usiku, kwa sababu huleta usingizi. Pombe nayo huleta usingizi. Zikikutana mwilini, kila moja huongeza nguvu ya nyingine.

Tuseme mkulima wa mpunga hapa Mombo amemeza dawa yake, kisha akanywa gongo. Anaweza kuanguka mferejini au kugongwa na gari. Akinywa sana, pumzi inaweza kupungua, akafa usingizini. Hata akipona, pombe huirudisha huzuni.

Wengine huacha dawa siku ya ngoma ili wanywe. Hilo nalo ni kosa. Dawa hii huchukua majuma 2 hadi 4 kuanza kuleta nafuu. Ukiikatiza, ugonjwa unaweza kurudi.

Kama umezoea kunywa kila siku, mweleze mganga wa zahanati. Usione haya. Kuacha pombe ghafla kunaweza kukudhuru. Yeye atakuonyesha njia.

Maswali
1. Kwa nini dawa ya sonona na pombe ni hatari zikikutana?
2. Kwa nini tusiache dawa ili tunywe?