Vijidudu Vikaavyo Katika Chumvi

Mama mmoja huuza makayabo sokoni Kadutu, mjini Bukavu. Siku za mvua unyevu uliingia katika sanduku lake. Baada ya siku chache samaki walikuwa na madoa mekundu, nao wanunuzi waliwatazama, wakapita. Mama alishangaa. Je, chumvi haizuii samaki kuoza?

Huzuia, naam. Vijidudu vya kuozesha vina maji mwilini. Chumvi huyavuta maji hayo nje, navyo hunyauka kama mboga iliyotiwa chumvi. Lakini viko vijidudu vingine, visivyoonekana kwa macho, ambavyo pasipo chumvi nyingi haviwezi kuishi. Hivyo ndivyo vilivyotia madoa yale.

Makao yao makubwa ni maziwa ya chumvi. Kaskazini ya Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, liko ziwa Katwe, karibu na Ziwa Edward. Limo katika shimo la volkano ya kale. Maji huingia, wala hakuna mto utokao. Jua huyakausha, chumvi hubaki. Watu wameichimba tangu zamani sana, na mitumbwi iliileta hata Kongo. Maji yake yakizidi chumvi, huwa mekundu. Rangi hiyo ni vijidudu vyenyewe, maelfu mengi katika tone moja! Viko pia katika ziwa Magadi la Kenya. Kimoja chao, kilichoelezwa na wataalamu mwaka 1984, kiliitwa magadii kwa jina la ziwa hilo.

Mbona havinyauki? Hujaza mwilini chumvi ya namna nyingine, iitwayo chumvi ya potasiamu, mpaka ndani na nje ni sawasawa. Basi maji hayatoki. Lakini vikitiwa katika maji ya mvua, maji huingia kwa nguvu, navyo hupasuka.

Chumvi iliyokaushwa juani yaweza kuvificha katika punje zake, ndani ya vitone vidogo vya maji. Ikipakwa samaki, vijidudu hungoja. Joto na unyevu vikija, huongezeka.

Mama aliwatenga samaki wekundu. Akalisugua sanduku kwa maji mengi yasiyo na chumvi, akalianika mpaka likakauka kabisa, kisha akaliweka ndani penye baridi, mbali na ukuta unaovuja.

Maswali: Kwa nini ziwa Katwe lina chumvi nyingi? Kwa nini mama hakuosha sanduku kwa maji ya chumvi?