Mwenyekiti ameniongezea polisi kwenye hadithi yangu

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, na tangu mwaka jana nimo kwenye kikundi cha waandishi kinachokutana kila Jumamosi. Niliwasomea hadithi ya mama muuza maandazi wa stendi ya Msamvu, anayeiba fedha za kikoba ili amlipie binti yake ada ya chuo cha uuguzi. Hakamatwi. Wenzangu walisema hadithi haina funzo na kwamba namsifia mwizi. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alichukua kalamu nyekundu akaongeza aya ya mwisho: polisi wanafika, mama analia na kuwaasa kina mama wote. Niliponung'unika nikaambiwa najivuna. Sijaandika kitu tangu siku hiyo. Nijitoe?
Kalamu Iliyokauka, Morogoro

Mwanangu, usijitoe, angalau si Jumamosi hii. Umefanya vizuri kuniambatishia hadithi yenyewe. Bila hiyo ningekupa pole tu na kuishia hapo.

Tuanze na hilo funzo. Kikundi chako kinasoma kama kinachosahihisha mtihani. Tuliopita sekondari sote tulifundishwa kuiendea hadithi kwa fani na maudhui: taja dhamira, taja ujumbe, eleza falsafa ya mwandishi. Jibu lisipopatikana, alama hakuna. Mwenyekiti wako ameifanya kazi hiyo mpaka kustaafu, kwa hiyo ile kalamu nyekundu usiihesabu kuwa ni chuki. Ni mazoea. Tatizo ni kwamba funzo alilokuwa akilitafuta lilikuwa ukurasa wa nne, akalipita. Wiki moja baada ya kuiba, mama yule anaingia kwenye kikao cha kikoba, na mwenzake mmoja anapochelewesha marejesho, yeye ndiye anayepaza sauti kuliko wote: “Hela za watu hizi, dada, zina uchungu!” Hapo niliiacha chai ikapoa. Polisi hawana la kuongeza baada ya sentensi hiyo. Ukiwaleta, msomaji atashusha pumzi, atasema haki imetendeka, na atamsahau yule mama kabla hajafika kituo cha daladala.

Na hili la maadili si geni kwetu. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa madai kwamba inakwenda kinyume na maadili. Baadaye kitabu hichohicho kikawa cha kufundishia, na wanafunzi wakaulizwa kwenye mtihani ujumbe wake ni upi. Mkumbushe mwenyekiti, lakini kwa upole. Huenda yeye mwenyewe amekifundisha.

Sasa nikugeukie wewe, maana hujasalimika. Unasema mama aliamka usiku, akafungua sanduku la kikoba, akachota fedha. Vipi? Sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, tena kwa makusudi, ili mtu asiweze kufanya kile unachotuambia amekifanya. Kwenye kikundi chako hapakosi wanawake walio kwenye vikoba, na mmoja wao lazima ni mshika funguo. Hakuna aliyekuuliza, kwa sababu wote walikuwa wanawinda funzo. Mimi ningewasamehe lile la funzo kuliko hili.

Usilichukulie swali hilo kama kosa la kuzibwa haraka. Likalie. Ama mama hakuligusa sanduku kabisa: alipewa na jirani mgonjwa hisa zake amfikishie, hazikufika, na wizi wote ulifanyika njiani, kwenye pindo la kanga, kabla hata kikao hakijafunguliwa. Ama alihitaji mshika funguo mmoja amfumbie macho, na sasa yuko mtu anayejua. Jaribu la kwanza. Ikiwa fedha ni za jirani mgonjwa, ile kelele yake kikaoni itauma mara mbili, kwa kuwa mwenye hela hayupo kujitetea.

Hicho ndicho ambacho kikundi kinaweza kukupa na chumba chako hakiwezi: watu wanaojua vitu. Kwa hiyo badilisha unachowaomba. Usiwaulize “mnaionaje”, utapewa pongezi au mahubiri. Mpe mwenzako aisome kwa sauti, wewe ukae kimya na penseli, uweke alama pale anapojikwaa na pale wenzake wanapoanza kupekua simu. Kisha uliza jambo moja tu: ni wapi mliacha kuniamini? Watakaokujibu sawasawa watakuwa wawili au watatu. Wanatosha.

Kuhusu mwenyekiti, usimjibu mbele za watu. Mfuate nyumbani kabla ya Jumamosi, msalimie, mshukuru kwa muda wake, halafu umwambie wazi: “Mwalimu, aya yako nimeisoma, mwisho nauacha ulivyokuwa.” Kisha mwombe akusahihishie lugha, kwa sababu hapo anakuzidi na wewe unahitaji: binti wa Msamvu hamwambii mama yake “hakika mzazi wangu mpendwa”. Akikubali, umepata mhariri wa bure. Akiendelea kuandika juu ya karatasi za watu, basi wachukue wale wawili watatu mkutane kwingine.

Chama kidogo hakidharauliki. Pale Kampala, FEMRITE, yaani chama cha waandishi wanawake, ilianzishwa miaka ya 1990 na wanawake waliochoka kusubiri nafasi. Hadi leo inajulikana kwa vikao vyake vya Jumatatu vya kusomeana kazi, na imechapisha vitabu vya wanachama wake. Monica Arac de Nyeko, mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2007, alikuwa mwanachama wao. Siahidi tuzo. Nasema walikutana, na wiki iliyofuata wakakutana tena.

Unasema hujaandika tangu siku ile. Sidhani kama ni aya ya polisi peke yake. Nadhani na wewe ulihisi sanduku lile limefunguka kirahisi mno. Liandike upya tukio hilo moja, mengine yaache yalivyo. Ila ule ukurasa mzima wa jua kuchomoza juu ya milima ya Uluguru, kabla mama hajawasha hata jiko, ukate leo hii.