Mji Ukipendezeshwa, Wenyeji Wakae Wapi?

Wasomaji wetu, mji unapopanuka yatupasa kuuliza: mkaaji wa zamani atapata nini? Watu wa Kipawa waujua uzito wa swali hili. Nyumba zao zilithaminiwa mwaka 1997 ili kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Fidia ikakawia zaidi ya miaka kumi, wala bei ya saruji na mabati haikuwangoja.

Huko Magomeni Kota twaona njia nyingine. Kota za zamani zilibomolewa, na mwezi Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya kwa ajili ya kaya 644 zilizohamishwa. Nao wakaahidiwa kuzinunua nyumba hizo kwa njia ya mpangaji mnunuzi, yaani kulipa kidogo kidogo hadi nyumba iwe mali yao.

Mafundisho ni mawili. Msaada wa serikali humfaa maskini ukifika kwa wakati. Na kuupendezesha mtaa kusimfukuze aliyeujenga. Nasi wazazi tuna wajibu wetu: tuweke akiba, tutunze hati, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Baba akifa pasipo hati, mjane na yatima ndio walalao nje.