Dondoo muhimu: Kulisha ng'ombe kwa sleji ya farasi

Katika bonde la Big Hole, Montana, Marekani, dizeli huweza kuganda wakati wa baridi kali. Farasi hana shida hiyo.

Pasha lijamu joto kwa viganja kabla ya kumtia farasi mdomoni. Chuma baridi hunasa ulimi.

Egesha sleji juu ya magogo isigandie ardhini. Ikigandia, wageuze farasi upande kwanza ndipo wavute.

Kata kamba za marobota ya nyasi na uzikusanye zote, maana ng'ombe huzimeza. Mwaga nyasi kwenye theluji safi, kila siku mahali papya. Ng'ombe wa kilo 500 hula takriban kilo 10 hadi 12 kwa siku; baridi ikizidi, ongeza.

Farasi waliozoea hutembea wenyewe huku ukimwaga. Trekta, dereva lazima!