Majibu Safi, Harufu Ipo

Umepima mkojo, umepima majimaji ya ukeni, umeambiwa huna kitu, na bado ukivua taiti jioni harufu ipo palepale. Kabla hujanunua dawa nyingine, tafuta inakotokea.

Jioni kabla ya kuoga, chukua vitambaa viwili safi. Kimoja futia mikunjo ya kinena, kingine mlangoni mwa uke. Nusa kimoja kimoja. Kisha nusa chupi iliyokwisha kufuliwa, ukiifikicha kidogo mkononi ipate joto.

Kinena kikinuka kama kikwapa, hilo ni jasho. Tezi za hapo ni za aina ileile ya kwapani. Anayeshinda dukani Mtaa wa Congo na jinzi ya kubana, kwa joto la Dar, atalikwepaje? Kikinuka mkojo, huenda unakuchuruzika ukikohoa au ukinyanyua belo la mitumba. Huwapata wengi baada ya kuzaa, na mazoezi ya kubana misuli ya nyonga husaidia.

Chupi nayo ina kesi yake. Kwenye nyumba za kupanga wengi huona aibu kuianika uwani, basi inakaukia chumbani nyuma ya mlango, nusu mbichi, na ikipata joto la mwili inaamka. Isuuze mpaka povu liishe, ianike juani chini ya khanga nyepesi, au ipige pasi pale katikati. Ukinunua, angalia kipande hicho cha katikati kiwe cha pamba. Na vyoo vya sokoni: unachamba kwa kopo, unapandisha nguo ukiwa umelowa, unarudi kukaa mpaka magharibi. Weka kitambaa kikavu kwenye pochi, jifute kwanza. Pedi ibadilishe kila baada ya saa nne hadi sita.

Harufu ikitoka ndani, usiingize kitu. Shabu, ndimu, sabuni, kitunguu saumu, vichupa vya kukaza: vyote hivyo ndivyo vinavyoharibu. Uke wenye afya una uchachu wake, pH kati ya 3.8 na 4.5, unaotunzwa na bakteria walinzi; ukiwaosha, wengine huchukua nafasi yao. Harufu ya uchachu kidogo ni ya kawaida kabisa. Maji matupu, tena nje tu, yanatosha.

Shombo ya samaki ni habari nyingine; huzidi baada ya tendo, kwani shahawa hupunguza uchachu huo. Rudi, kwa mfano Hospitali ya Mnazi Mmoja, uulize walikupima nini hasa. Kipimo cha mkojo hakichunguzi uke. Omba majimaji yapakwe kwenye kioo na kutiwa rangi ya Gram, ili watazame kama bakteria wamevurugika. Uliza pia kuhusu kimelea aitwaye trikomona: darubini humtambua kwa mwendo wake, na sampuli ikikaa mezani ikapoa, huacha kutembea na majibu hutoka safi. Hata majibu ya wiki uliyokuwa unameza Flagyl hayakuambii mengi. Usiende ukiwa hedhini, wala siku uliyojiosha ndani.

Mwombe muuguzi anayekukagua akwambie bila kukuficha kama anaisikia harufu hiyo. Asipoisikia, na shoga yako wa karibu pia haisikii, huenda ni wasiwasi umekushika, nao unazungumzika na daktari. Lakini damu baada ya tendo, maumivu chini ya kitovu au homa visingoje: muone daktari mapema, na uchunguzi wa mlango wa kizazi unafanyika hospitali ya Ocean Road. Mkojo unaotoka wenyewe mchana na usiku baada ya uzazi mgumu huenda ni fistula, ambayo hospitali ya CCBRT pale Msasani wanaitibu.