Moyo wa Kijana Aliyetungwa Maabarani: Maswali na Majibu

Tangu usiku wa tarehe 25 Julai 1978, alipozaliwa Louise Brown katika mji wa Oldham, Uingereza, mamilioni ya watoto wamekuja duniani baada ya yai na mbegu kukutanishwa katika chombo cha maabara, na kiinitete kilichopatikana kupandikizwa tumboni mwa mama. Na huku kwetu, wale wa kwanza wa Kenya, waliozaliwa Nairobi mwaka 2006, wamekwisha kuwa vijana. Wazazi ambao zamani swali lao lilikuwa kama mimba itashika, sasa humwendea tabibu wa moyo kama mimi na maswali mengine, na aghalabu ni haya.

Je, mtoto wa upandikizaji huzaliwa na moyo wenye kasoro?

Walio wengi mno huzaliwa na moyo mzima. Uchunguzi wa daftari za uzazi za Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi, uliotangazwa mwaka 2024 na kukusanya watoto milioni 7.7, ulionyesha kasoro kubwa za moyo kwa watoto 1.84 katika kila 100 wa upandikizaji, na 1.15 katika kila 100 wa mimba ya kawaida. Tofauti ipo, nayo ni ndogo. Na kwa kuwa hatari huzidi kwa mapacha, matabibu wengi siku hizi hupendelea kupandikiza kiinitete kimoja tu.

Na kijana aliyezaliwa salama, ana la kuchunguzwa?

Analo, nalo li katika mishipa zaidi kuliko katika moyo wenyewe. Matabibu wa Bern, Uswisi, walifunga mkanda katika mkono wa mtoto, wakaukaza hata damu ikazuilika kwa dakika 5, kisha wakaufungua ghafula huku wakiutazama mshipa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Maana mshipa wenye afya, damu inapourudia kwa kishindo, hutanuka kuipokea kama mwenyeji afunguavyo mlango. Mishipa ya watoto 65 wa upandikizaji, ambao kwa kuwatazama hawakuwa na maradhi yoyote, ilitanuka pungufu kwa kiasi cha robo kuliko ya wenzao. Hayo yalitangazwa mwaka 2012. Walipopimwa tena baadhi yao, wakikaribia umri wa miaka 17, kwa kipimo kinachovaliwa mchana na usiku, presha yao ilikuwa wastani wa 119.8 kwa 71.4, na ya wenzao 115.7 kwa 69.1, tena vijana 8 kati ya 52 walikuwa wamefikia kiwango cha maradhi ya presha, ilhali kwa wenzao 43 alikuwa mmoja tu.

Huenda taksiri ni ya wazazi, kwa umri wao au kwa utasa wenyewe?

Dhana hiyo ina maana, na watafiti wa Bern hawakuipuuza. Waliwapima ndugu wa tumbo moja waliopatikana kwa mimba ya kawaida, wakaikuta mishipa yao ni salama. Wakawapima pia watoto ambao mama zao walitumia dawa za kupevusha mayai bila ya kazi ya maabara, nao wakaonekana salama. Kwa hiyo shaka yao iliangukia zile siku chache ambazo kiinitete hukaa katika maji ya maabara, ambapo huenda zikabadilika alama ndogo za kikemia zinazoamuru jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, bila ya jeni zenyewe kugeuka.

Je, wataalamu wote wameafikiana?

La, na ni insafu kulisema hilo wazi. Mwaka 2023 zilijumlishwa habari za watu zaidi ya 35,000 wa makundi 14 yaliyofuatiliwa tangu utotoni, na katika hao 654 walikuwa wa upandikizaji. Presha zao utotoni zilikaribiana sana na za wengine, ingawa zilionekana dalili za kuzidi kidogo kadiri walivyoingia utu uzima. Waama, kundi la Bern ni dogo, na hili kubwa halikuipima mishipa kwa undani ule. Wala walio wengi katika vijana hawa hawajafikia umri ambao moyo huanza kudai madeni yake.

Basi mzazi afanye nini?

Ampime. Mtoto yeyote aliyefikisha miaka 3 yafaa apimwe presha kila mwaka, kwa mkanda unaolingana na mkono wake, kwani ulio mwembamba mno hutoa hesabu kubwa ya uongo. Aketi kimya dakika 5, nyayo ziguse sakafu, mkono uegemezwe usawa wa moyo. Kipimo kimoja kilichopanda hakimfanyi mgonjwa, hurudiwa siku nyingine. Fauka ya hayo, chumvi ipunguzwe, mwili utembezwe, na sigara na shisha zisimkaribie, maana mshipa unaotanuka kwa shida hauhitaji adui wa pili.

Tumemficha mwenetu jinsi alivyopatikana. Je, ni lazima tabibu ajue?

Nimewaona kina mama ambao, wakiulizwa habari za ujauzito mbele ya shangazi au mama mkwe, hushusha macho na kujibu kwamba ulikuwa wa kawaida. Nami siwalaumu, kwa kuwa utasa katika jamii zetu umebebeshwa aibu isiyo yake. Lakini kijana wa miaka 18 huja kwangu peke yake, na nikimwuliza alivyozaliwa hunipa jawabu lile lile alilopewa, akaenda zake bila ya kupimwa kwa makini alikostahiki. Tabibu na aambiwe faraghani leo. Na mtoto, akishapata akili ya kufahamu, aambiwe na wazazi wake wenyewe, kwa maneno mepesi, kwamba alitafutwa kwa muda mrefu, na kwamba kila mwaka kuna mkanda wa kufungwa mkononi.