Usikivu wa Insulini: Istilahi na Lishe ya Watoto wa Lodwar na Kakuma

Katika lugha ya kila siku, mtoto msikivu ni yule atiiye aambiwayo. Istilahi "usikivu wa insulini" imejengwa juu ya maana hiyo hiyo. Mtu alapo ugali, mkate au chai yenye sukari, wanga humeng'enywa ukawa glukosi inayoingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huziamuru seli za misuli na za mafuta kuipokea glukosi hiyo. Seli zikiitikia upesi, usikivu upo. Zikizubaa, kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Hali hii ya pili ndiyo ukinzani wa insulini. Huwapata hata watoto, hasa wenye mafuta mengi tumboni, na huongezeka kwa muda wakati wa kubalehe.

Je, suala hili lina nafasi gani Turkana, ambako njaa ndiyo husemwa zaidi? Mwaka 2020, Amanda Lea, Julien Ayroles na wenzao walichapisha katika jarida la Science Advances matokeo ya kuwapima Waturkana wazima 1,226. Wafugaji wahamao huishi zaidi kwa maziwa, damu na nyama. Walioacha ufugaji wakabaki vijijini walikula wanga mwingi zaidi, na bado afya yao haikutofautiana na ya wafugaji. Waliohamia mijini ndio walioonyesha unene na dalili nyingine mbaya, na waliopitisha utoto wao katika mazingira ya mji walikuwa na hali mbaya zaidi ukubwani.

Kwa hiyo agizo la "acha wanga" (neno ambalo, kwa bahati mbaya, ni pia wingi wa mwanga, yaani mchawi) halifai kutafsiriwa lilivyo. Katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, mgao wa wakimbizi umekuwa hasa nafaka, kunde na mafuta ya kupikia. Kumwambia mama wa huko aache wanga ni kumwambia asipike. Mama wa Lodwar mwenye duka jirani huhitaji maneno mengine: soda ipishe maji, sukari ya chai ipunguzwe, ugali uandamane na maharagwe, mtoto acheze nje, kwani misuli inayofanya kazi huisikia insulini vyema zaidi.

Linabaki neno moja gumu. Kiswahili humsifu mtoto aliyenenepa kwamba amenawiri. Mhudumu wa afya asemaye "unene uliokithiri" hushindana na sifa hiyo, na aghalabu sifa hushinda.